Akiba Haiozi, Lakini Gari Huoza

Ndugu msomaji, wahenga walisema akiba haiozi. Sithubutu kuwapinga wahenga, lakini walinena hayo kabla akiba ya familia haijawa kitu chenye injini na magurudumu manne. Siku hizi nyumba nyingi za wafanyakazi zina akiba ya namna hiyo: gari kuukuu lililonunuliwa kwa kiinua mgongo cha baba, au lililoachwa na marehemu, au lililopatikana kwa bei nafuu kwa mtu aliyekuwa akihama. Wakati wa kiangazi gari hilo huleta riziki. Masika yanapoingia, barabara zikageuka tope na wateja wakapungua, husogezwa kando ya nyumba, milango ikafungwa, na sote tukasema, "Acha lipumzike."

Leo napenda tulitazame neno hilo, kupumzika. Binadamu aliyechoka hulala, akaamka na nguvu mpya. Ng'ombe hupumzika, na shamba nalo hupumzika. Gari halipumziki. Gari lililosimama bila kutayarishwa huwa kazini usiku na mchana, na kazi yenyewe ni kuoza. Haya sikuyasoma kitabuni. Niliyajua Kilosa mwaka 2011, na aliyelipa ada ya somo hilo hakuwa mimi.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya kuyalaza magari yao ya zamani wakati wa baridi. Wapo wengi huko wanaomiliki zile Kombi za Volkswagen za matembezi, zenye kitanda, kabati na jiko ndani yake. Kombi za kwanza zilitoka kiwandani Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilikuwa imekwisha kuanza kuzitia vitanda na makabati. Tangu 1956 zilitengenezwa Hannover, na za mwisho za umbo lile la zamani zilitoka Brazil mwaka 2013. Kwa hiyo ukiharibu moja leo, hakuna kiwanda kitakachokuuzia nyingine mpya. Kuanzia Novemba hivi hadi Machi wenyewe huziweka bandani kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni barafu: maji yakiganda hutanuka, na yakigandia ndani ya injini yaweza kuipasua. Kombi hizo za zamani zimeepushwa na hatari hiyo, maana injini yake hupozwa kwa upepo wala haina rejeta, lakini magari mengine hayakuepushwa. Sababu ya pili ni chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula bati upesi kuliko maji matupu.

Sisi hatuna barafu wala chumvi ya barabarani. Lakini tunayo Ulaya yetu. Mtu akitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, safari ya kilometa sabini hivi, hupita mahali panapoitwa Ulaya. Katika miaka ninayoisimulia, barabara hiyo ilikuwa ya udongo, na yeyote aliyewahi kuipita mwezi Aprili anajua kwamba Ulaya ya Kilosa nayo ina majira yake ya kulaza magari. Mbele zaidi, Mikumi kwenyewe, hali haikuwa nyepesi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina uwanda wa Mkata ambao udongo wake ni mweusi na hunata kama ulimbo. Mvua zikikolea, baadhi ya njia za ndani hazipitiki, wageni hupungua, na kambi kadhaa za kusini mwa nchi yetu hufungwa kabisa Aprili na Mei. Mwenye gari la kuchukua wageni hana budi kuliweka.

Basi tazama pia upande wa pili wa Mikumi, katika bonde la Kilombero. Viwanda vya sukari vya huko husimama wakati wa masika kwa kuwa miwa haiwezi kutolewa shambani. Lakini muulize mfanyakazi wa kiwandani kama miezi hiyo ni ya kupumzika. Atakuambia kwamba kwa mafundi ndiyo miezi ya jasho: mitambo hufunguliwa, husafishwa, hupakwa mafuta, na vilivyochakaa hubadilishwa. Kiwanda husimama, hakitelekezwi. Naomba tuishike tofauti hiyo, maana mimi niliikosa.

Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alikuwa na Kombi ya mwaka 1974, iliyoachwa nchini na wasafiri wa Kizungu waliokuja nayo kwa njia ya nchi kavu. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, kabati la mbao, jiko la gesi, na paa la kuinua lenye turubai. Kiangazi aliitumia kuchukua wageni wa Mikumi, na siku za harusi aliitumia kubeba bibi arusi wa Kilosa. Wanawe wawili walisoma kwa Kombi hiyo. Kila mwaka katikati ya Machi aliilaza, na kazi ya kuilaza ilichukua siku tatu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilishika taa vizuri, lakini maneno sikuyashika.

Kilosa mtu hujifunza kuheshimu maji. Mto Mkondoa unaopita hapo huleta maji ya mbali, maana huko juu ni Kinyasungwe utokao upande wa Dodoma. Mvua yaweza kunyesha huko ilhali Kilosa kuna jua. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto ulifurika ukabomoa nyumba, ukaharibu Reli ya Kati hata safari zikasimama kwa miezi kadhaa, na watu zaidi ya elfu ishirini wakakosa makazi. Nyumba ya mjomba iliingia maji hadi madirishani. Kombi haikuguswa. Alikuwa na kawaida ya kuipandisha kwa jirani aliyejenga mwinuko kila mara mawingu yalipokaa upande wa milima. Watu walimcheka kwa kuhamisha gari kama mtu anayehamisha mbuzi. Baada ya mafuriko hakucheka mtu.

Februari 2011 mjomba alifariki dunia. Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha sita, niko nyumbani nangoja matokeo. Matanga hayajaisha, akaja mtu kutoka Morogoro aliyeijua Kombi ile, akataja bei. Ilikuwa bei ya kutosha ada za watoto wote wawili kwa mwaka na kubakiza fedha ya kuezekea upya. Mkaza-mjomba alitaka kukubali. Wazee wakasema mali ya marehemu haiuzwi kaburi likiwa bado bichi. Tungoje masika yapite, tukae, tuzungumze. Siwalaumu, maana walisema kwa heshima. Mimi nikapewa ufunguo, nami mbele ya wote nikaahidi kwamba nitaliwasha gari kila Jumapili.

Ahadi niliitimiza. Hapo ndipo penye msiba wa pili. Kila Jumapili asubuhi niliondoa turubai la plastiki, nikapiga stata, injini ikanguruma, majirani wakasikia kwamba nyumba ya marehemu ina kijana, na baada ya dakika mbili au tatu nikazima, nikafunika. Gari lilikuwa chini ya mwembe, juu ya majani, hendibreki imekazwa. Wiki ya sita betri haikuwa na nguvu. Nakiri kwamba nilifurahi, maana mvua ilikuwa kubwa na sikupenda kutoka.

Mwezi Juni yule mnunuzi alirudi, amefuatana na fundi mzee. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikuwa akilitazama gari hili?"

"Mimi, mzee. Nilikuwa nikiliwasha kila Jumapili."

"Muda gani?"

"Dakika mbili, tatu hivi."

Akapangusa mikono yake ingawa ilikuwa bado safi. "Mwanangu, bora ungeliacha likalala. Ulikuwa ukimwamsha mtu usiku wa manane, humpi chai, unamrudisha kitandani na nguo mbichi."

Maana ya maneno yake niliielewa baadaye. Petroli inapoungua hutoa maji pamoja na moshi. Injini ikiwa moto sawasawa, maji hayo hutoka yote kama mvuke. Injini ikiwa baridi, hubaki ndani: katika silinda, katika oili, na katika bomba la moshi. Kuyafukuza kunahitaji gari litembee barabarani nusu saa hivi, hadi oili yenyewe ipate joto. Dakika mbili za kunguruma mahali pamoja ni kumimina maji ndani ya injini kidogo kidogo, kila Jumapili, kisha kuyafungia humo. Na betri nayo hutumia nguvu nyingi kupiga stata, wala haizirudishiwi kwa dakika mbili.

Fundi alipofungua alikuta pistoni zimeshika kwa kutu. Panya walikuwa wamejenga kiota ndani ya bati la feni linalopeleka upepo kwenye injini, wakatafuna na nyaya. Viatu vya breki vilikuwa vimegandamana na ngoma zake. Turubai la paa, ambalo mimi nililifunga likiwa na unyevu, lilikuwa limeota ukungu likachanika kwa kidole. Chini ya milango bati lilikuwa limegeuka kama biskuti iliyolowa. Mnunuzi hakugombana. Alitaja bei ya chuma chakavu, na mkaza-mjomba akaipokea kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Binti yake hakurudi shuleni muhula wa pili. Alirudi Januari iliyofuata, akaanza tena kidato kile kile pamoja na waliokuwa nyuma yake. Hajanitamkia neno hata moja hadi leo. Mafuriko ya mwaka 2009 hayakuliua gari lile. Niliua mimi, kwa nia njema na kwa uvivu wa kuuliza.

Kwa ajili hiyo, ndugu msomaji, naandika hapa yale ambayo mjomba alikuwa akiyafanya, pamoja na niliyoyapata kwa mafundi tangu siku ile. Yanafaa kwa Kombi, na mengi yake yanafaa kwa Land Rover, basi dogo au teksi kuukuu. Hayataki fedha nyingi. Yanataka siku tatu na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina.

Kwanza, chagua mahali. Pawe mwinuko, mbali na njia ya maji ya miaka yote, si ya mwaka jana tu. Uliza wazee mto uliwahi kufika wapi. Sakafu ya saruji ni bora. Kama haipo, mwaga kokoto. Usiliweke juu ya majani, maana unyevu wa ardhini hupanda usiku kucha na kukaa tumboni mwa gari. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa watu. Kwa gari huleta utomvu, matunda yanayobonyeza bati, na majani yanayoziba mifereji ya paa hadi maji yakaingia ndani. Banda la makuti lililo wazi pande mbili linatosha kabisa. Turubai la plastiki lililobana halifai, kwa sababu huzuia mvua ya nje na kufungia jasho la ndani. Ukilazimika kulitumia, litundike juu ya fito ili upepo upite.

Pili, lioshe, na usioshe uso tu. Sisi hupenda kung'arisha kioo na kuacha tumbo. Tope la barabarani lililojificha nyuma ya magurudumu na chini ya milango hushika maji kama sifongo. Litoe lote kwa maji na kijiti, kisha liache gari juani siku mbili likauke. Penye kutu kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, na sehemu za chini zipake grisi. Usipoziba ufa huo wa bati, hutajenga ukuta tu, utanunua mlango.

Tatu, badili oili kabla ya kulilaza, wala si baada ya kuliamsha. Oili iliyotumika ina masizi na uchachu unaokula vyuma wakati injini imesimama. Injini ya Kombi kuukuu huchukua lita mbili na nusu tu, na chujio lake ni la wavu wa waya linaloweza kuoshwa. Ukishaweka oili mpya, liendeshe gari nusu saa barabarani ili ienee kila mahali na maji yatoke. Hiyo ndiyo safari ya mwisho kabla ya usingizi. Kisha fundi atoe plagi, atie kijiko kimoja cha oili safi katika kila silinda, azungushe injini kwa mkono mara chache, na azirudishe plagi. Kijiko hicho kimoja kingeliokoa gari la mjomba.

Nne, mafuta ya petroli. Tangi la bati likiwa nusu tupu hutoa jasho kwa ndani nyakati za baridi ya usiku, na jasho hilo huwa kutu. Kwa kulala miezi mitatu, lijaze, kisha funga kifuniko chake kwa kufuli, maana wapenda petroli ya bure hawakosekani. Kabureta lakini imaliziwe mafuta yake: fundi azuie petroli isifike, injini iungurume hadi izimike yenyewe. Petroli inayobaki humo hukauka ikaacha utomvu unaoziba vitundu. Hapa nasisitiza jambo moja. Kombi nyingi za zamani zimeteketea kwa sababu ya mipira ya mafuta iliyochakaa karibu na injini. Mpira uliopasuka ubadilishwe siku hiyo hiyo. Wala usiweke petroli katika dumu chumbani au karibu na jiko. Gari hupatikana jingine, mtoto aliyeungua hapatikani tena.

Tano, betri. Itoe, ukianza na waya wa hasi. Ihifadhi pakavu juu ya ubao, mahali watoto wasipofika, kwa sababu maji yake ni tindikali na huchoma ngozi na macho. Kila mwezi ipeleke ichajiwe. Betri iliyoachwa bila chaji hufanya ukoga mgumu ndani yake, na baada ya hapo hata ikichajiwa haishiki.

Sita, magurudumu na breki. Hendibreki ilegezwe. Acha gari katika gia, na magurudumu uyawekee kabari za mti mbele na nyuma. Ongeza upepo wa tairi kidogo, au bora zaidi linyanyue gari likae juu ya magogo manene ya mti mgumu yaliyokatwa bapa. Usitumie matofali, hupasuka bila kutoa taarifa. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Saba, wageni wasioalikwa. Toa ndani ya gari kila kilicho chakula, na kama ni gari la kulala, toa magodoro, mapazia na mablanketi, uyaweke ndani ya nyumba. Turubai la paa likaushwe kabisa kabla ya kufungwa. Mtungi wa gesi utolewe ukae nje penye hewa. Bomba la moshi na tundu la feni viziwe kwa kitambaa, maana panya hupenda giza hilo na nyigu hujenga humo kwa udongo. Kitambaa kiwe chekundu, na kipande chake kingine kifungwe kwenye usukani, ili siku ya kuliamsha asisahau mtu kukiondoa. Madirisha yaachwe wazi kwa upana wa kidole, yakiwekewa wavu.

Nane, na hili ni kwa akina mama na akina baba pamoja: milango ifungwe kwa ufunguo, na ufunguo ukae juu. Gari lililosimama huwavutia watoto kama nyumba ya kuchezea. Jua likitoka baada ya mvua, ndani yake hugeuka tanuri kwa muda mfupi, na mtoto aliyejifungia hawezi kufungua. Nyoka nao hutafuta pakavu masika.

Magari yenye rejeta yana sharti moja zaidi. Usimwage maji ukaiacha injini kavu, na usiache maji ya kisima humo, yote mawili huleta kutu. Tumia maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Mzungu huyatia kwa kuogopa barafu, wewe utie kwa kuogopa kutu.

Ukishafanya hayo, liache. Usilifunue kila Jumapili ili majirani wasikie. Likague mara moja kwa wiki kwa macho: kuna tone la mafuta chini, kuna kinyesi cha panya, kuna maji yaliyotuama? Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na hizo ndizo dakika mbili pekee ambazo gari lililolala linazihitaji. Kama una nafasi ya kulitembeza kweli, nusu saa barabarani, hapo litembeze. Kama huna, liache lilale.

Siku ya kuliamsha, usikimbilie stata. Toa vitambaa vyekundu. Chungulia feni na mipira ya mafuta. Pima oili. Toa plagi, zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka laini, shukuru. Rudisha betri, ukimaliza na waya wa hasi. Rudisha plagi, washa, na lisikilize. Jaribu breki uani kabla ya kutoka barabarani, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yaliyozeeka yabadilishwe. Safari ya kwanza iwe fupi na bila abiria.

Nimekaribia mwisho, lakini nisiache lililo kubwa. Wengi tunaoachiwa mali huachiwa na huzuni pia, na katika huzuni neno jepesi kusema ni "tungoje". Kwa nyumba au shamba huenda kungoja kukawa busara. Kwa gari kuukuu masika hayangoji mtu. Ndugu wakikaa katika kikao cha familia wakaamua kungoja, na waamue papo hapo nani atalilaza, lini, na kwa fedha ya nani, waandike katika karatasi, watie sahihi. Asipopatikana mtu wa kuifanya kazi hiyo, basi ni afadhali mjane auze mapema, kaburi likiwa bado bichi. Marehemu mjomba, aliyelihamisha gari lake kama mbuzi ili lisomeshe wanawe, nadhani asingekasirika.

Mwaka jana nilipita Kilosa. Mwembe ule upo, na chini yake majani hayakuota sawasawa mahali Kombi iliposimama. Binamu yangu alinikaribisha chai. Uani kwake kulikuwa na pikipiki ya mumewe, imeinuliwa juu ya gogo chini ya banda la makuti, tumbo limeoshwa, na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye usukani. Sikuuliza amejifunza wapi. Nilikunywa chai yangu.

Jumapili njema, ndugu msomaji, na masika mema.